Kiapo cha Tatu cha Hiraman: Kinachotuvuta katika Filamu Kongwe ya Mapenzi ya Kijijini

Hiraman ni mwendesha gari la ng'ombe katika jimbo la Bihar, mashariki mwa India, na katika maisha yake ameapa mara tatu. Mara ya kwanza alibebeshwa bidhaa za magendo karibu na mpaka wa Nepal. Polisi wakawatokea usiku, naye akaliacha gari papo hapo akatoroka na maksai wake wawili. Akaapa kwamba hatabeba tena mali ya magendo. Mara ya pili alibeba mianzi mirefu iliyochomoza nje ya gari, ikagonga gari la farasi, akapigwa. Akaapa kwamba hatabeba tena mianzi. Mara ya tatu alimbeba mwanamke. Kiapo kilichofuata ndicho kilichoipa jina filamu ya Teesri Kasam, yaani "Kiapo cha Tatu", iliyotolewa mwaka 1966, na ndicho ninachotaka kukijadili katika makala haya.

Filamu hii ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Haina rangi, na kisa chake chaweza kusimuliwa kabla chai haijapoa. Hiraman anampakia Hirabai, mwimbaji na mcheza ngoma wa nautanki, ampeleke kwenye gulio kubwa. Nautanki ni michezo ya jukwaani ya kuimba na kucheza, ambayo makampuni yake yalizoea kuzunguka vijiji na magulio ya kaskazini mwa India. Njiani wawili hawa wanazoeana. Wakifika gulioni, Hiraman anagundua jinsi wanaume wengine wanavyomtazama mwanamke yule. Siku chache baadaye Hirabai anapanda treni na kuondoka. Hakuna harusi, hakuna kutoroka pamoja, wala hakuna mmoja wao anayetamka waziwazi kwamba anampenda mwenzake. Hata hivyo filamu inatajwa hadi leo miongoni mwa kazi bora za sinema ya Kihindi, na wenzangu wa bwenini niliowaonyesha, ambao kwa kawaida hawawezi kutazama kitu dakika kumi bila kushika simu, walikaa kimya hadi treni ilipoondoka.

Swali langu ni hili: tunavutwa na nini? Jibu linalotolewa mara nyingi kuhusu filamu za aina hii ni kwamba zinatuonyesha kijiji kikiwa safi: mito, mashamba, watu wasio na hila, mapenzi yasiyo na fedha. Mtazamaji wa mjini anapumzika humo kwa saa mbili kisha anarudi kwenye msongamano wake. Nalikubali jibu hilo kwa nusu tu. Ninavyoiona mimi, Teesri Kasam inatuvuta kwa sababu inatuonyesha watu wawili wanaosikilizana, jambo ambalo ni adimu kijijini kama lilivyo adimu mjini. Baadaye inatuonyesha, bila kupaza sauti, kwamba huo usafi wa kijiji tunaousifu una mtu anayeulipia, na mtu huyo ni Hirabai. Anayeitazama filamu hii kama wimbo wa sifa kwa kijiji ameikosa nusu yake ya pili.

Kwanza tuwajue waliohusika. Filamu inatokana na hadithi fupi ya Phanishwar Nath Renu, mwandishi aliyezaliwa Bihar na aliyejulikana kwa kuandika Kihindi kilichochanganyika na lugha ya watu wa vijijini kwao. Renu mwenyewe aliandika mazungumzo ya filamu. Mwongozaji ni Basu Bhattacharya. Mpiga picha ni Subrata Mitra, yule yule aliyepiga picha za Pather Panchali ya Satyajit Ray mwaka 1955. Mtayarishaji ni mshairi Shailendra, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli mjini Bombay kabla ya kuwa mtunzi mashuhuri wa nyimbo za filamu. Hiraman anaigizwa na Raj Kapoor na Hirabai anaigizwa na Waheeda Rehman. Raj Kapoor hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Filamu yake ya Awaara ya mwaka 1951 ilipendwa sana katika majumba ya sinema ya pwani, na hata leo wapo wazee wanaolikumbuka jina lake. Katika Teesri Kasam nyota huyo amevishwa nguo za mchunga ng'ombe na kutakiwa akae juu ya gari, aongee na wanyama.

Kuongea na wanyama si mzaha. Mimi nimekulia Teso, mashariki mwa Uganda, ambako jembe la kukokotwa na maksai ni sehemu ya maisha, na maksai wa nyumbani wana majina yao. Babu yangu alikuwa akiwasemesha kuanzia alfajiri hadi jua linapokuwa kali: akiwasifu, akiwakemea, akiwaeleza mambo ya nyumbani ambayo hakumweleza mtu. Kwa hiyo Hiraman anapowageukia maksai wake kuwauliza maoni, sikucheka kwa mshangao kama waliozaliwa mjini. Nilicheka kwa kuwa nilimtambua. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo hujifunza kusema na asiyejibu, na zaidi ya hapo hujifunza kusubiri.

Mwendo wa maksai ndio mwendo wa filamu. Nusu ya kwanza karibu yote ni safari, na gari la ng'ombe haliwezi kuharakishwa. Bhattacharya na Mitra hawajaribu kuliharakisha. Tunaona gurudumu, vumbi, maji ya mto, uso unaochungulia nyuma ya pazia kisha unajificha. Katika vibanda vya video vya kwetu Uganda, ambako mtafsiri huongea juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, mtafsiri angepata taabu kubwa hapa, maana kuna mahali ambapo hakuna la kutafsiri ila mlio wa gari. Wapo watakaosema filamu inachosha. Lakini bila mwendo huo kisa chote kingeanguka. Watu wawili wa tabaka mbalimbali, wasiojuana, wasingeweza kuzoeana kwa namna ile katika basi. Wanahitaji saa nyingi zisizo na kazi ya kufanya isipokuwa kusimuliana.

Kuna jambo jingine linalotokana na gari lenyewe. Mwendeshaji hukaa mbele, abiria hukaa nyuma. Hiraman anampa Hirabai mgongo. Renu aliliona jambo hilo vizuri, kwani hadithi yake inaanza na mgongo wa Hiraman unaotekenyeka tangu mwanamke yule apande. Mapenzi haya hayaanzii machoni. Kabla ya kumwona, Hiraman anamsikia, na anapomwona kwa mara ya kwanza mshangao wake ni wa mtoto: anadhani ameona malaika wa hadithini. Kuanzia hapo kila anapotaka kumtazama inambidi ageuke, na kugeuka ni tendo la makusudi ambalo hata ng'ombe wangeliona. Ndiyo maana anasikiliza zaidi ya kutazama. Katika filamu nyingi za mapenzi nilizozoea, mwanaume humtazama mwanamke kutoka mbali kwa dakika nzima, na kamera humtazama pamoja naye. Hapa kamera mara nyingi inawaweka wote wawili ndani ya picha moja, mmoja nyuma ya mwenzake, wakitazama upande mmoja wa barabara. Hiyo ndiyo picha ya usawa ya pekee ambayo filamu inawapa, na tunaifurahia hata kabla hatujajua kwa nini.

Usawa huo unapata jina. Wanapotajiana majina, yanakutana: Hiraman na Hirabai, wote wawili wana "hira", yaani almasi, ndani ya majina yao. Hirabai anafurahi na kuanza kumwita "meeta", neno la watu wanaochangia jina. Maandishi ya tafsiri chini ya picha niliyoitazama yalihangaika na neno hilo, yakaishia kuandika "rafiki" kwa Kiingereza. Sisi wa Kiswahili hatuna shida. Tunalo neno "wajina", na tunalo lililo bora zaidi, "somo". Somo ni mtu mwenye jina kama lako, na pia ni msiri wako, unayeweza kumwambia lisilosemeka kwa ndugu. Huko pwani somo ni pia yule mwanamke anayemfunda mwali. Hirabai anapomwita Hiraman somo wake, anampa undugu ambao hauna mahari, hauna ukoo, hauna tabaka. Mtu hachagui somo wake kwa kupima mali. Anamkuta tu, na akishamkuta ana haki kwake. Kwa maoni yangu neno hilo moja lina uzito kuliko tamko lolote la mapenzi ambalo waandishi wangeweza kuliweka kinywani mwa Hirabai.

Somo pia ni funzo, na katika safari hii Hiraman ndiye mwalimu. Anamzuia Hirabai asioge penye bandari moja ya mto kwa sababu, anasema, wanawali hawaogi hapo. Hirabai anataka kujua kwa nini, na jibu linakuwa kisa cha Mahua, binti wa mvushaji ambaye mama wa kambo alimuuza kwa mfanyabiashara. Kisa kinasimuliwa, kisha kinaimbwa. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tutaitambua mbinu hii mara moja: fanani, hadhira, wimbo ndani ya ngano. Hiraman ni fanani halisi. Anakijua kisa kwa kuwa kimetoka mtoni pale pale, na machozi yanamlenga anapofika mahali pa kuuzwa, ingawa bila shaka amekisimulia mara nyingi.

Lakini tuitazame hadhira. Waheeda Rehman hafanyi mengi katika tukio hili. Anasikiliza, na kadiri kisa kinavyosogea uso wake unaacha kuwa uso wa mtu anayeburudishwa. Hiraman anasimulia habari za binti wa zamani. Hirabai anasikia habari zake. Zaidi ya hayo, amegundua kwamba kwa kumkataza kuoga pale, mwanaume huyu amemhesabu kuwa ni mwanawali, jambo ambalo pengine hakuna mwanaume aliyemfanyia tangu aanze kupanda jukwaani. Furaha na huzuni zinamfika kwa pamoja. Hapa ndipo filamu inapoanza kupanda mbegu ya nusu yake ya pili: heshima anayopewa Hirabai ni ya kweli, lakini anapewa mtu ambaye siye yeye.

Gulioni mambo yanageuka. Aliyekuwa fanani sasa ni hadhira, na aliyekuwa hadhira anasimama jukwaani. Hiraman anakaa na waendesha magari wenzake kumtazama Hirabai akiimba na kucheza, naye anaona fahari kubwa. Kisha anasikia wanayoyasema wanaume waliomzunguka. Neno wanalomwita Hirabai linamchoma, ugomvi unazuka. Tangu hapo anaanza kumtaka Hirabai aache kazi ile. Anamwomba kwa nia njema kabisa. Wakati huo huo kabaila wa eneo lile, anayeigizwa na Iftekhar, amekuja na fedha zake, naye hana haja ya kuomba. Kwake mwanamke wa jukwaani ana bei, na kazi iliyobaki ni kuijua ni kiasi gani.

Kwa kawaida wanaume hawa wawili huchambuliwa kama kinyume cha kila mmoja: kabaila ni mchafu, Hiraman ni safi. Ni kweli mmoja anatisha na mwingine anapendeza. Lakini nilipoitazama filamu mara ya pili niliona kitu wanachofanana. Kabaila anaona bidhaa. Hiraman anaona malaika. Hakuna kati yao anayemwona mwanamke mwenye kazi. Hirabai alijifunza kuimba, alijifunza kucheza, ana mkataba na kampuni, anasafiri, anajitegemea, na anaipenda ile saa ya kusimama mbele ya watu. Filamu inatuonyesha mapenzi hayo ya kazi katika nyimbo za jukwaani, ambapo Waheeda Rehman, mchezaji hodari tangu utotoni, anacheza kwa furaha isiyo ya mtu aliyelazimishwa. Kabaila angetaka awe wake usiku. Hiraman angetaka awe kama alivyokuwa nyuma ya pazia la gari. Jukwaa, ambalo ndilo mahali pake, hakuna anayempa.

Kwa msomaji wa Kiswahili suala hili si la Bihar peke yake. Siti binti Saad, msichana wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alikuja kuwa mwimbaji mkuu wa taarabu Unguja, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, katika mji ule ule ambao Shailendra angekuja kufanya kazi ya reli na kutunga nyimbo. Naye alitukanwa kwa asili yake na kwa kazi yake. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, alimwandika kama mtu aliyefanya kazi na kuinuka kwa kazi hiyo. Hakuhitaji kuisahau sauti yake ili amheshimu. Ukisoma kitabu kile baada ya kuitazama Teesri Kasam, unaelewa Hirabai amenyimwa nini. Hakukosa mtu wa kumpenda. Amekosa mtu wa kumheshimu akiwa jukwaani.

Na kijiji je? Katika hadithi ya Renu, Hiraman ni mtu wa makamo, mwenye umri wa miaka arobaini hivi. Aliozwa utotoni, na mke akafariki kabla hawajaishi pamoja. Shemeji yake, mke wa kaka yake, ameng'ang'ania kwamba akioa tena lazima aoe binti mwanawali, na Renu haoni haya kutueleza kwamba kwa desturi ile mwanawali ni mtoto wa miaka mitano hadi saba. Hii ndiyo sheria ya ule usafi. Mwanamke mzima aliyeona dunia hana nafasi katika nyumba ile, lakini mtoto mdogo anayo. Hirabai hajawahi kufika nyumbani kwa Hiraman, ila anaijua sheria hiyo, kwa sababu inafanana katika kila kijiji alichowahi kupita. Hivyo uamuzi wake wa kuondoka hautokani na woga wala na kutopenda. Amepiga hesabu. Akimwambia Hiraman ukweli, anampoteza. Akimficha na kukubali kuwa mke, atamdanganya somo wake kila siku mpaka siku mtu atakapomtambua kisimani. Akiondoka, angalau barabara ile inabaki kama ilivyokuwa.

Tukio la stesheni ni fupi. Hirabai anamrudishia Hiraman fedha alizokuwa amempa amtunzie. Anajifananisha na Mahua ambaye mfanyabiashara amekwisha kumnunua. Ndiyo mara ya pekee anayomweleza kitu cha kweli kuhusu maisha yake, na anakisema kwa lugha ya ngano aliyofundishwa na Hiraman mwenyewe, maana hawana lugha nyingine ya pamoja. Treni inaondoka kwa mwendo wake, gari la ng'ombe linabaki na mwendo wake. Maksai wanageuza shingo kuitazama reli. Hiraman anawakemea, kisha anaapa: hatambeba tena mwanamke wa kampuni ya nautanki.

Sasa tuviweke viapo vitatu pamoja. Mali ya magendo, mianzi, mwanamke. Katika kiapo cha kwanza na cha pili, Hiraman aliumizwa na shehena, akaikataa shehena. Katika cha tatu anamwingiza Hirabai kwenye orodha hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa somo wake amegeuka mzigo uliomletea maumivu. Hafanyi hivyo kwa chuki. Anafanya hivyo kwa kuwa ndiyo namna pekee anayoijua ya kushughulika na maumivu: kutokubeba tena. Lakini ukitazama vizuri, hata viapo vyake vya mwanzo vilimlaumu asiyestahili. Mianzi haikujipakia. Mali ya magendo ilikuwa na mwenyewe, mfanyabiashara ambaye hakuwa juu ya gari usiku ule. Vivyo hivyo kiapo cha tatu kinampita kabaila, kinaipita desturi ya wanawali, kinawapita wanaume wenye midomo michafu gulioni, kinatua juu ya yule aliyeumia zaidi.

Hapa ndipo mtazamaji na Hiraman wanapoachana, na ndipo ulipo ustadi wa filamu. Kwa zaidi ya saa mbili tumeketi upande wake, tumecheka naye, tumemsikiliza. Sasa anatamka maneno ambayo hatuwezi kuyaitikia. Tunamhurumia na papo hapo tunajua amekosea. Filamu haimkemei wala haimsahihishi. Inamwacha aende zake barabarani na kiapo chake, na sisi tubaki na kile ambacho yeye hakukisikia.

Inasimuliwa kwamba wasambazaji, na hata Raj Kapoor mwenyewe, walimsihi Shailendra abadili mwisho ili wapenzi wakutane, naye akakataa. Filamu ilipotoka haikufanya biashara, na Shailendra, aliyekuwa ameingia madeni, alifariki Desemba 1966 siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor. Baadaye ilitunukiwa tuzo ya taifa ya India ya filamu bora. Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa ngano ya msanii aliyeuawa na kazi yake, kwa sababu madeni ni madeni. Ninachoweza kusema ni kwamba katika suala la mwisho wa kisa alikuwa sahihi. Laiti Hirabai angeshuka kwenye treni, tungeambiwa kwamba kijiji kingempokea. Ungekuwa uongo, na uongo huo ungetufurahisha kwa usiku mmoja.

Filamu haikosi dosari. Kabaila amechorwa kwa mkono mzito, anatambulika kuwa mwovu tangu anapoingia, ilhali watu wa aina yake aghalabu huwa wapole wa maneno. Katika nusu ya pili matukio yanarudiarudia, na nyimbo mbili tatu zingeweza kupunguzwa bila hasara. Dosari kubwa zaidi kwangu ni kwamba tunamjua Hirabai karibu kila mara kupitia macho ya wanaume. Ni mara chache sana anapokuwa peke yake na sisi. Tungependa kujua alijifunza wapi kuimba, nani alimfundisha, anatuma fedha kwa nani. Filamu inayolalamika kwamba hakuna anayemwona Hirabai ingeweza kumwona zaidi kidogo.

Pamoja na hayo, naipendekeza kwa wanafunzi wenzangu, hasa sisi tuliotoka vijijini kuja kusoma Kampala. Tuna kawaida ya kuongea juu ya kijiji kana kwamba ni mahali ambapo kila kitu kilikuwa sawa kabla hatujaondoka. Wakati huo huo, katika kundi letu la ngoma chuoni, wapo wasichana ambao hawajawaambia baba zao wakubwa kwamba wanacheza jukwaani usiku, wakati wavulana wa kundi hilo hilo hutuma picha zao nyumbani. Tunawapigia makofi Jumamosi, na Jumatatu wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba msichana wa namna ile hawezi kumpeleka kwao. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wapole kama Hiraman, na kama yeye hawajui kwamba wameapa.

Kwa hiyo tukiulizwa kwa nini filamu hii kongwe inatuvuta, nadhani jibu ni kwamba inatupa kwanza tunachokitamani, barabara ndefu na mtu wa kutusikiliza, kisha inatuuliza kama tungemsikiliza mtu huyo hata baada ya kujua anafanya kazi gani. Hiraman aliulizwa, akajibu kwa kiapo. Sisi bado tuna nafasi ya kujibu vingine.